Mama Mdogo Hupandia Igunga

Tulipotangaziwa tufunge mikanda kwa kuwa ndege imeanza kushuka, nilijua tumeharibikiwa. Nilikuwa sijamaliza hata juisi niliyopewa. Nikamgeukia bwana aliyekaa pembeni yangu, nikamuuliza kwa sauti ya chini tunashuka wapi.

"Tabora, mama."

"Tabora gani?"

Akaacha simu yake, akanitazama vizuri. "Kwani ziko ngapi?"

Niligeukia dirishani, nikaona msitu, miti na miti, halafu njia ya vumbi, halafu mapaa ya bati. Sikujua kama niogope au nikasirike.

Naomba nieleweke. Mimi ni mzaliwa wa Tabora, na tangu niolewe Dar es Salaam safari ya kwenda kwetu naijua kwa magoti na kiuno. Enzi za treni tulifunga chakula kama watu wanaohama. Unalala, unaamka uko Dodoma, unasinzia, unaamka uko kwenye pori la Itigi, unasinzia tena, unaamka bado miti. Ilipokuja lami tukaambiwa safari sasa ni fupi, na kweli, basi liliondoka alfajiri likatufikisha usiku wa siku hiyohiyo, miguu imevimba na masikio yamejaa nyimbo za dereva. Huo ndio umbali niliokuwa naujua. Krismasi nikishindwa kwenda nilisema ni mbali, na baba mwenyewe kwenye simu alinisaidia kusema: "Ni mbali, mwanangu. Usijitese."

Sasa naambiwa ni saa moja na nusu. Kwetu, ibada ya Jumapili ikiwa na muda huo, mhubiri ndiyo kwanza anafungua Biblia. Nywele zangu nikisukwa, kwa muda huo msusi hajafika nusu ya kichwa. Kumbe miaka yote baba yangu alikuwa anaishi umbali wa nusu kichwa cha nywele. Nilishangaa mpaka nikakasirika, nikajiona kama mtu aliyeuziwa kitu kwa bei ya uongo maisha yake yote, na hata sikujua nimkasirikie nani, rubani au barabara.

Kilichonipandisha ndege ni simu ya kaka, jioni iliyotangulia, nikiwa nafunga duka langu la vitenge.

"Baba amezidiwa kidogo," alisema. "Jikusanye uje."

"Amezidiwa vipi?"

"Kidogo. Wewe njoo. Panda basi la alfajiri, ukifika Dodoma unipigie."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Nyuma yake nilisikia mtu anauliza mahali lilipo shoka. Kaka akasema mtandao unasumbua, akakata.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa. Katika ukoo wetu habari ya kifo haipigwi simu. Mtu aliye mbali huambiwa mgonjwa amezidiwa, basi, halafu anasafiri, na habari yenyewe inamkuta njiani kwa mdomo wa mtu aliyepangiwa kazi hiyo. Enzi za treni alikuwepo ndugu yetu mmoja aliyeishi Kigwa, kituo ambacho ukikifikia Tabora si mbali tena, akawa anapandia pale na kuketi karibu na msafiri. Babu alituambia kwamba hata wazee wake, waliobeba mizigo kwenda pwani na kurudi kwa miguu, hawakuingia kijijini moja kwa moja. Walitua mizigo nje, wakangoja mtu atoke nyumbani kuwaambia nani yupo na nani hayupo, ndipo wakaingia.

Ilipofika zamu ya mabasi, kazi hiyo ilimwangukia mama mdogo, mdogo wake marehemu mama yangu. Yeye ameolewa Ziba, wana mashamba na ng'ombe, na basi la Dar analipandia Igunga. Nilipokuwa sekondari ya bweni Morogoro, mwalimu aliniita akaniambia mama amezidiwa, niende nyumbani. Nilisafiri mchana kutwa nikiwa na wasiwasi wa kawaida, wasiwasi wa mtu mwenye mama mgonjwa. Igunga basi liliposimama, wauza karanga wakajaa madirishani, na katikati yao nikamwona mama mdogo anapanda ngazi ya basi, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, hana mzigo. Alifika nilipokaa, akasema, "Sogea kidogo." Nikasogea. Basi lilipoondoka akanishika mkono na kuniambia kwamba huko tunakokwenda mama yangu hatutamkuta.

Nililia kutoka Igunga mpaka Nzega. Kutoka Nzega mpaka Tabora nililia kwa kupumzika. Aliniachia bega lake njia nzima, hakuniambia ninyamaze, na abiria mmoja alipogeuka kutazama alimwambia atazame mbele. Tulipofika stendi macho yalikuwa yamevimba, lakini nilishuka kwa miguu yangu, nikaingia nyumbani, nikawaamkia wakubwa mmoja mmoja kama inavyotakiwa. Tangu siku hiyo, katika ukoo wetu, ukimwona mama mdogo kwenye ngazi ya basi Igunga, unajua.

Mtu ataniuliza, sasa wewe unayeyajua yote haya, ulipoambiwa baba amezidiwa hukushtuka? Nilishtuka sana. Lakini kaka alisema amezidiwa kidogo. Nilimaliza usiku nimelishikilia hilo neno. Aliyekufa hawezi kuwa amezidiwa kidogo. Nikajiambia kaka angekuwa na habari mbaya asingeweka lile "kidogo" mle ndani, na kama baba bado anapumua, basi la kutwa nzima ni ujinga. Mume wangu akasema asubuhi kuna ndege, akatafuta kwenye simu yake, nafasi ikapatikana. Sikumwambia kaka. Angeniambia najifanya mtu wa mjini, na shangazi angepata cha kusema mwaka mzima. Alfajiri nikamtumia kaka ujumbe, "Nipo njiani," na haukuwa uongo.

Nilichokitaka kilikuwa kidogo sana. Baba hakuwa anapokea shikamoo ya msafiri kama watu wengine. Ukimwambia "Shikamoo, baba," yeye anauliza, "Umefika?" Unamjibu, "Nimefika." Hapo ndipo anasema, "Basi, marahaba." Hata ukiwa umesimama mbele yake na begi mkononi, lazima akuulize kwanza. Tulipokuwa wadogo tulicheka, tukimwigiza nyuma ya nyumba. Nilitaka nimkute ana nguvu ya kuniuliza kama nimefika. Sikuomba zaidi ya hapo, na nilipokuwa nafunga mkanda kushuka nilisema kwa Mungu waziwazi kwamba nimejitahidi, nimekuja kwa kitu chenye kasi kuliko vyote, na yeye afanye sehemu yake.

Nje ya uwanja wa ndege nilipata bajaji. Nilipakata kikapu cha machungwa ya Muheza, maana baba aliyapenda na alisema ya kwetu yana hasira. Simu ilikuwa bado imezimwa. Kwenye ndege walisema tuzime, mimi nikazima, na kushuka hakuna aliyeniambia niwashe. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege.

"Ongeza mwendo, baba, nina mgonjwa," nilimwambia dereva.

Akaongeza, muziki wake unalia. Tulipokata kona ya kwetu akapunguza. Nikamwambia nyumba ni ile ya mwisho yenye geti la bluu, aende. Akazima muziki. Akanitazama kwenye kioo, akatazama mbele, akanitazama tena.

"Mama, ni pale?"

"Si nimekwambia? Twende."

"Sawa, mama," akasema, na tukaenda polepole kama tunapita kwenye tope, wakati barabara ilikuwa kavu. Nilimwona mvivu. Leo najua kwamba alikuwa amekwisha kuona, na hakujua aseme nini na mtu mzima asiyemfahamu.

Mimi niliona makochi. Makochi ya sebuleni yalikuwa nje, yamepangwa ukutani, na la baba, lile lililobonyea upande mmoja, limewekwa pembeni kabisa juani. Kwetu makochi hutolewa nje kwa mambo mawili, na mimi nikachagua lile la pili. Nikasema moyoni, hawa watu wana akili kweli? Mgonjwa amezidiwa ndani na wao wanapiga rangi nyumba. Harufu ya rangi kwa mtu mwenye kifua! Nilishuka kwenye bajaji nikiwa tayari kugomba, na niligomba. Niliingia getini kikapu mkononi, nikasema kwa sauti, "Mwangaluka! Hivi baba mmemlaza wapi na vumbi lote hili?"

Hakuna aliyejibu, na kwetu salamu ya mwangaluka haikosi mwitikio. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka ukutani, wamejifunga kanga, wengine wanachambua mchele. Kuni zilikuwa zimepasuliwa, zimepangwa rundo. Masufuria yalikuwa yale makubwa ya kanisani, nayafahamu kwa masikio yake yaliyochomelewa. Kaka alikuwa juu ya meza anafunga kamba ya turubai. Alipogeuka kuniona kamba ilimtoka mkononi, turubai likashuka upande mmoja likawafunika wazee waliokuwa wamekaa kwenye benchi, nao wakajifunua wakabaki wananitazama.

Shangazi, dada yake baba, alitoka ndani na sinia mkononi. Akasimama mlangoni.

"Umepita wapi?" akaniuliza.

"Shikamoo, shangazi."

"Umepita wapi wewe?"

"Nimekuja na ndege."

Akatazama juu, kweli kabisa akatazama angani, kama vile ndege bado iko pale. Halafu akauliza mara ya tatu, taratibu, sasa ni kama anajiuliza mwenyewe, "Umepita wapi?"

"Baba yuko chumba gani?" nikasema.

Wakatazamana. Mwanamke wa kwanza akamtazama wa pili, wa pili akainamia mchele wake. Kaka akashuka mezani, akaja nusu ya njia, akasimama. Walikuwa wengi pale uani, watu wazima, baadhi yao wazee wa kanisa waliozoea kusimama mbele ya watu, na hakuna hata mmoja aliyeweza kunijibu swali jepesi kama lile. Kazi ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe yuko Igunga.

Nikatazama tena makochi. Nikatazama kuni. Vitu hivyo havikusanywi asubuhi moja. Masufuria ya kanisa huombwa, kuni hupasuliwa jana yake, na ndipo nikasikia upya ile sauti iliyouliza lilipo shoka. Kwa hiyo kaka aliponipigia baba alikuwa ameshaondoka. Nilipokuwa nikihangaikia ndege alikuwa ameshaondoka. Juisi ile nilikunywa nikimwahi mtu ambaye hayupo. Hata ningekuja kwa risasi ningemkosa, na saa moja na nusu yangu haikuwa imeokoa kitu chochote, ilichofanya ni kunimwaga uani kwa watu kabla hawajawa tayari na mimi.

Walinipokea kikapu. Shangazi akanikalisha kwenye mkeka sebuleni, pale lilipokuwa kochi la baba, maana sakafu ilikuwa na alama ya miguu yake. Watu wakaja mmoja mmoja wakanishika mkono, wakasema pole, wakapita. Pole tu. Nilijibu nimeshapoa. Sikulia. Nilijaribu, nikafinya macho, yakabaki makavu kama ya mtu anayesoma bango. Kichwani mwangu nilikuwa bado nashuka na ndege, bado nauliza Tabora gani. Nilisikia mwanamke mmoja kutoka kanisani akimnong'oneza mwenzake kwamba watoto wa Dar wamekuwa wagumu. Siku nyingine angenikoma. Siku ile nilimwona ana haki ya kushangaa, kwa sababu na mimi nilikuwa nimejishangaa. Wakamenya machungwa yangu, wakagawana wote waliokuwepo, na yalikuwa matamu.

Mchana kaka akanikumbusha simu. Nilipoiwasha ikaanza kutetemeka kwa jumbe zilizochelewa, zote zake: umefika Chalinze, umefika Morogoro, mbona hupatikani. Sijamaliza kuzisoma ikaita. Alikuwa mama mdogo, ambaye katika mshtuko ule hakuna aliyekumbuka kumwarifu. Kaka alinyoosha mkono aichukue, amweleze, nikamnyima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefika wapi?" Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya mtu anayeuliza habari za safari, na nilijua amejizoeza tangu asubuhi. "Umepita Dodoma?"

Nilitaka kumwambia nipo nyumbani. Neno lilifika mdomoni likakataa kutoka. Kwa namna yangu nilikuwa sijafika. Tangu nishuke kwenye ile bajaji, watu walikuwa wamenipa pole ya kila aina, na hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilikuwa nimesoma makochi na kuni kama mtu anayebahatisha.

"Bado, mama," nikasema. "Sijafika."

Nje kwaya ilikuwa imeanza wimbo, sauti za chini zikaingia sebuleni, na nina hakika ziliingia na kwenye simu. Nilimsikia akivuta pumzi. Hakuuliza nimepita wapi. Hakuniuliza kitu chochote.

"Basi kaa hapo hapo," akasema. "Nakuja."

Alipanda basi la kwanza lililotokea. Mimi nilikaa pale pale kwenye mkeka. Shangazi aliniletea uji, ukapoa. Kaka alikuja akachuchumaa mbele yangu, akasema, "Dada, mimi nilipanga ujue taratibu," na macho yake yalikuwa mekundu, nikamwambia najua. Alisema nilipotokea getini alidhani ameona mzimu, maana kwa hesabu yake nilikuwa bado nazungukazunguka kwenye milima ya Morogoro. Nikamwambia na mimi nilidhani hivyo.

Jua lilikuwa limeanza kulegea alipoingia. Nilimsikia kabla ya kumwona, ile kandambili yake inayoburuza. Wanawake wakasimama kumlaki kwa kilio kama ada ilivyo, akawapita. Hakumsalimu hata shangazi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alikuja moja kwa moja nilipokaa, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani, vumbi kwenye nyusi, hana mzigo. Amezeeka. Akanisimamia kidogo apate kupumua.

"Sogea kidogo," akasema.

Mkeka wote ulikuwa wazi. Nikasogea, nikamwachia nafasi ya upande wa dirishani. Akaketi kwa shida, magoti yake yanalia, akajitengeneza, akanishika mkono akauweka juu ya paja lake. Tukakaa hivyo sote tunatazama mbele, ukutani, mahali palipokuwa na kalenda ya kanisa.

"Mwanangu," akasema, kwa sauti ya chini, ili wa kiti cha nyuma asisikie. "Huko tunakokwenda, baba yako hatutamkuta."

Nikaegemea bega lake. Nililia kutoka Igunga mpaka Nzega, na kutoka Nzega mpaka Tabora, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.